Msikiti Uliopandishwa Ghorofani

Siku yangu ya kwanza kazini, Sulimaniyah, Riyadh, msimamizi hakuniuliza hata jina. Alinitupia uzi wa chokaa, ule wa kupigia mstari sakafuni, akasema, "Yalla! Kibla kwanza, marumaru baadaye." Ndivyo nilivyoingia ufundi wa vyumba vya kusalia ndani ya majumba marefu. Jengo hufuata barabara, na kibla haijali barabara, kwa hiyo safu zetu zilikwenda mshazari na vipande vya pembeni tukavikata kimoja kimoja. Nyinyi vijana mna mashine. Sisi tulikuwa na magoti.

Baadaye nikahamishiwa Jeddah. Kiwanja chetu kilikuwa na msikiti mdogo wa mtaa, na mkuu wa mradi aliahidi kuupandisha ghorofa ya tisa ya mnara mpya. Mwadhini wake, Ami Sururu, Mzanzibari mwenzangu, alinivuta kando.

"Mwanangu, huko juu mimi nitafika?"

"Lifti ipo, Ami."

Mhandisi wetu, Mjapani, alituuliza tunazungumza nini. Nilipomweleza, akasema kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, "Kwetu pia. Hekalu dogo la Kishinto lilikuwa mtaani, likawekwa juu ya paa la ofisi. Linatunzwa vizuri sana. Bibi yangu alilisalimia kila akienda sokoni, lakini juu hakupanda hata mara moja. Mlangoni kuna mlinzi. Aliona haya kumwambia anakwenda kuomba."

Mhandisi akaenda kwa mkuu wa mradi kuomba msikiti ubaki chini, wenye mlango wa barabarani.

"Chini ni maduka," alijibiwa. "Halas, imekwisha."

Basi tukaipandisha mihrabu ya zamani, jiwe kwa jiwe. Sijapata kufanya kazi nzuri kuliko ile. Siku ya kufungua, Ami Sururu alikuja na kanzu mpya, mlinzi akamsimamisha.

"Ikama yako ya ukaazi nimeiona, mzee. Kadi ya kampuni?"

"Sina kazi humu, mwanangu. Nina sala."

Nilishuka mbio kumpandisha. Siku hiyo alisali juu. Kesho yake nilikuwa nimeshahamishwa, na hapakuwa na wa kushuka.

Sasa nimestaafu, na jambo lile la Ami linaniuma kuliko nilivyodhani. Kila nikipita Jeddah namkuta kando ya ule mnara, ametandika boksi juu ya lami, mshazari na barabara, limeelekea kibla sawasawa. Pale juu, marumaru yangu yanang'aa. Mimi navua viatu, nasimama nyuma ya Ami.