Vitenzi vya Hajati

Jumamosi nilikaa kwa fundi simu pale Mafubira, nimechoka, nikisubiri simu ya mwanangu ibadilishwe kioo. Kando yangu Hajati mmoja alikuwa akinong'ona juu ya daftari, akihesabu kwa vidole. Akanipa lile daftari.

"Mama, niulize. Mjukuu wangu wa Uhispania atapiga saa kumi, huyu fundi akiwahi kumaliza simu yangu. Mtoto anajua Kihispania tu."

Kushoto Kiswahili, kulia Kihispania, vitenzi vyote vya wakati uliopita.

"Alikula?"

"Comió."

"Aliishi?"

"Vivió."

"Aliimba?"

"Cantó. Huyo aliimba mpaka majirani wakalalamika!"

"Lakini Hajati, si ungeanza na wakati wa sasa? Umwulize mtoto hali yake."

"Mtoto ameomba nimwambie habari za baba yake. Ni mwanangu, alifariki huko mwaka jana. Wakati wa sasa nitautumia wapi?"

Askari polisi aliyekuwa akisubiri chaja yake akainama kuangalia ukurasa. "Na alikufa, wanasemaje?"

"Hicho sikujifunza, afande. Mama yake alishamwambia."

Askari akavua kofia.

Sekondari niliona vitenzi ni adhabu tu. Siku hiyo nilimwambia fundi aitangulize simu ya Hajati, nami nikaendelea: alipika, alinunua, alichelewa. Kila jibu aliliongezea kisa. Tulipofika mwisho wa ukurasa, nilimjua yule marehemu kuliko ninavyowajua majirani zangu.