Uso Wake Kwenye Simu za Watu

Watu wakiniuliza kompyuta nilisomea wapi, nawaambia Kariakoo, na wao wanacheka wakidhani natania. Sitanii. Chuo changu kilikuwa meza ya mbao kwenye baraza la duka la mabegi, karibu na Msimbazi, na mwalimu wangu alikuwa fundi simu aliyenizidi umri kidogo tu. Namwita kaka, ingawa sio ndugu yangu wa damu. Lakini ukimsema vibaya mbele yangu tutashikana mashati, hata leo, hata kama wewe ndio unanilipa mshahara.

Nilifika pale baada ya kufeli kidato cha nne, nikiwa na hasira na kila mtu. Simu yangu ilikufa kioo, nikampelekea, akanitajia bei, nikaanza kumporomoshea matusi kwamba mafundi wa Kariakoo wote wezi. Alinisogezea bisibisi.

"Haya, fungua mwenyewe. Ukiweza, bure."

Sikuweza. Niliipasua kabisa. Akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akaniambia nije kesho. Nikaja kesho, na keshokutwa, na sikuondoka tena.

Alinifundisha kubadilisha kioo, kuchomelea, kuflashi, yaani kuifuta simu na kuipandishia programu upya. Alipoona namaliza kazi halafu nabaki nauliza hizi programu za ndani nani anaziandika, akanipa kompyuta mbovu ambayo mteja aliitelekeza mezani. Baadhi ya herufi zake zilikuwa zimeng'oka, ukitaka kuzibonyeza unatumia ncha ya kalamu. Kwenye hiyo ndio nilijifunza kuandika programu, kwa kuangalia video kwa waifai ya duka la mabegi. Mafundi wa meza za jirani walikuwa wananisimanga.

"We dogo, unachati na nani siku nzima?"

"Muacheni," kaka anajibu bila kuinua kichwa. "Huyu atakuja kuwaajiri, na wewe wa kwanza atakuweka getini."

Kazi yangu ya kwanza ya kompyuta alinitafutia yeye. Alinipeleka Mchafukoge kwa mzee mmoja wa Kihindi anayeuza vitambaa kwa jumla, kompyuta zake zote zilikuwa zimekufa na virusi. Kaka akanishika bega mbele ya yule mzee, akasema, "Mtaalamu ndio huyu." Tulivyotoka nje kidogo nikamvaa.

"Kaka, mimi hiyo kitu sijawahi kuifanya!"

"Si ndio utaifanya leo."

Siku ile nilienda chooni mara nyingi mpaka yule mzee akaniuliza kama tumbo linanisumbua. Chooni nilikuwa naangalia video. Jioni kompyuta zikawaka. Baadaye mzee akataka programu ya kujua mzigo wa stoo, nikamwandikia, rafiki yake akaiona akataka na yeye, na hivyo hivyo mpaka nikaitwa kwenye usaili wa kampuni moja kule Posta, ghorofa refu, lifti inanukia marashi. Shati nililovaa lilikuwa la kaka. Leo nasimamia mitandao na mifumo ya kampuni hiyo, nina watu ninaowaongoza. Mtaani wanasema nimetoboa. Sawa, nimetoboa. Ila mtu aliyenisukuma nipite hayupo, na hilo ndilo ninalotaka kulisimulia.

Sasa sikiliza jambo moja la mafundi wa kwetu. Simu janja ukiiwasha mpya, au ukishaiflashi, inakudai emaili. Mteja anayekuja pale ni mama muuza vitumbua, mpagazi wa sokoni, mzee wa bodaboda. Ukimuuliza emaili anakuuliza ndio nini hiyo. Basi fundi anafanyaje? Anaweka ya kwake. Wengi wanafanya hivyo, lakini kaka alikuwa amezidisha, simu karibu zote zilizopita mezani kwake ziliingia kwenye emaili yake moja. Na emaili ikiwa moja, picha za simu zote zinakwenda kwenye kapu moja. Mtu anafungua simu yake anakuta picha ya mtoto wa mtu asiyemjua.

Siku moja ofisini tukaitwa kwenye semina ya usalama wa mitandao. Mkufunzi akatoa mfano wa ujinga, akatoa huo huo. "Kuna mafundi kule Kariakoo," akasema, "wanaweka emaili zao kwenye simu za watu!" Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nikasimama. Niliyoyasema siku ile sitayaandika hapa, ila nilimuuliza kama mama yake alizaliwa na emaili, na meneja akanitoa nje kwa kunivuta mkono.

Nilimtetea kule, lakini jioni ile ile nikaenda mezani kugombana naye, kwa sababu mkufunzi alikuwa amesema kweli. Mtu mmoja akiijua paswedi yake, wateja wake wote wako uchi.

"Kaka, acha huu mchezo. Ni hatari."

"We na ofisi yako," akasema, akinionyesha mteja kwa kidevu. "Huyu mama mwanae yuko Mwanza, anataka kumuona uso kwenye simu leo. Nimwambie akasome kwanza?"

"Basi angalau weka ulinzi. Mtu akitaka kuifungua emaili yako kwenye simu au kompyuta nyingine, kwanza itumwe namba kwenye laini yako."

Alinung'unika, lakini aliweka. Laini yenyewe ilikuwa kwenye kitochi, kile cha vibonyezo, kimefungwa mpira wa manati betri isidondoke. Fundi simu mzima. Kila akipata simu nzuri anaiuza.

Mwaka wake wa mwisho tukawa tunaonana mara moja moja. Nikimpigia ananiambia, "Nipo Feri, nasubiri samaki." Kila wiki Feri, kila wiki samaki, na mimi namjua vizuri kwamba samaki hali, harufu yake tu inamkera. Nikajua kuna mwanamke ng'ambo ya kivuko, Kigamboni. Nikamtania, akacheka. Nilipomuona nikamwambia, "Kaka umenenepa, mambo yamekunyookea," akajishika shavu akasema, "Umeona eh?" Kumbe figo. Kumbe hizo siku za samaki alikuwa amelala hospitali anasafishwa damu. Hakumwambia mtu isipokuwa mama yake, naye akamlisha mama kiapo asiseme. Nilipojua, alikuwa hatambui watu. Nilifika, nikamshika mkono.

Baada ya msiba nikawa nakwenda kwa mama yake, Ilala, chumba na sebule. Siku moja nimemwamkia, amenijibu marahaba mwanangu, halafu akanitolea kitambulisho cha mwanawe. Kile kipicha kidogo, macho nusu yamefumba, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini.

"Sina nyingine," akasema. "Mtu mzima mwenye ufundi wa simu, hana picha. Uso wake unaanza kunipotea. Nikifumba macho namuona alipokuwa mtoto, mkubwa simuoni. Wewe si ndio mambo yenu haya? Nitafutie."

Nikamwambia mama, usiwe na wasiwasi. Kwa mikwara kabisa. Mimi mtu wa mifumo nishindwe na picha?

Nilikaa na kompyuta yangu nzuri ya ofisini, nikaandika emaili yake, nikaandika paswedi, ambayo hakuwahi kunificha. Ikakubali. Halafu ikaniambia namba ya siri imetumwa kwenye laini yake. Ule ulinzi wangu. Kitochi kiliibiwa wodini wiki aliyofariki, na kuirudisha laini ya marehemu ni safari nyingine. Nilizunguka na vyeti kwenye kampuni ya simu, kila dirisha linanipeleka dirisha lingine, nikagombana na dada mmoja wa watu asiye na kosa, nikatoka nje nikakaa ukingoni mwa barabara. Vitu ninavyofungua kila siku kwa mshahara, emaili moja na laini moja vimenishinda. Na mlango nilioshindwa kuufungua nilikuwa nimeufunga mwenyewe.

Nikaanza kumkwepa mama. Akipiga nasema nafuatilia.

Mchana mmoja nikapita mtaa wetu kula kwa mama ntilie aliyekuwa anatulisha wakati wote ule. Mezani kwa kaka ameshakaa fundi mwingine, nikampa mgongo. Mama ntilie akaniwekea wali na maharage, akanipa pole upya, akasema, "Mwenzio mbona mimi ninaye humu."

"Humu wapi?"

"Kwenye simu. Aliponitengenezea tu, akaanza kunitokea. Nikadhani simu imelogwa, nikaogopa hata kumuuliza."

Nikaacha kula. Akanifungulia simu yake, kioo kimejaa mafuta ya vitumbua. Emaili ya kaka ilikuwa bado iko wazi mle ndani, tangu siku ile aliyomuwekea. Nikamwomba niondoke na simu nusu saa.

"Uondoke na simu yangu? Kaa hapo hapo. Ukiondoka nayo nitakupigia kelele za mwizi, nakujua sikujui."

Nikakaa hapo hapo kwenye benchi, wateja wananisukuma, mimi nashusha picha. Picha za watu zilikuwa chache kuliko nilivyodhani. Wateja wake walikuwa wa bando la kubana, picha zao zilikuwa hazipandi, simu zilikuwa zinasubiri waifai. Zilizopanda zilikuwa zimepigwa pale pale mezani, kwa waifai ya duka la mabegi. Picha za dari la baraza, vidole, bisibisi, mguu wa mteja. Na yeye. Na yeye. Na yeye tena.

Fundi akimaliza simu lazima ajaribu kamera. Ya nyuma anapiga chochote kilicho mbele yake, ya mbele anajipiga mwenyewe. Kila simu aliyoitengeneza alijipiga mara moja, haraka, bila kufuta. Hacheki hata moja. Haangalii kamera, anaangalia kioo kama kinaonyesha sawasawa, paji limekunjamana, kijitochi cha kazi kichwani. Hiyo sura ndiyo niliyokaa nayo bega kwa bega, sikuwahi kuiona kwa mbele.

Nikazidi kushusha, na mashavu yakaanza kujaa. Macho yakaanza kuzama. Uso ule nilioutania kwamba umenenepa ulikuwa unavimba picha baada ya picha, kila mteja na simu yake, yeye anaangalia tu kama kamera ni nzima. Nililia kwenye wali wa watu. Mama ntilie akanifunika kichwa na khanga yake, akawaambia wateja, "Mnaangalia nini, hamjawahi kuona mtu aliyewashwa na pilipili?"

Nikajitumia picha zote. Kwa mama nilipeleka zile za zamani tu, akiwa amekonda vizuri, mzima. Nilimshikisha simu yangu, akaiweka karibu kabisa na uso.

"Mbona hacheki?"

"Yuko kazini mama. Anajaribu kamera."

"Ndio alivyokuwa. Hata kula alikuwa anakula kama anatengeneza kitu." Akaziangalia moja moja, anagusa kioo, picha zinaruka, namrudishia. Halafu akaniuliza, "Na za mwisho ziko wapi?"

"Hizo sio nzuri mama."

"Nimekuuliza ziko wapi."

Sikuwa na ujanja. Nikampa. Akazipitia. Nje kuna mtu alikuwa anauza mkaa, anapiga kelele zake, sisi tumekaa tu. Akasimama kwenye picha moja, kaka amevimba kabisa, jicho moja dogo kuliko jingine.

"Hii. Nisafishie hii, niweke ukutani."

"Mama, hapa alikuwa anaumwa. Weka ile ya kwanza, ndio alivyokuwa hasa."

"Ile ya kwanza ni ya kwako," akasema, wala hakunisema kwa ukali. "Huyo wa mezani ulikaa naye wewe, mimi alikuwa anatoka asubuhi anarudi nimelala. Huyu hapa ndiye niliyekuwa namkanda miguu. Huyu nilikuwa naye kutwa."

Nikaenda studio ya picha ya jirani na lile duka la vitambaa la yule mzee. Kijana wa pale akaifungua kwenye kompyuta yake, akaikuza, uso wa kaka ukajaa kioo kizima. Yupo fasta, mkono tayari uko kwenye mausi.

"Bro, huyu amevimba. Nimpunguze mashavu? Sasa hivi kuna programu, namuweka sawa mara moja, hata tabasamu nampachika. Ndugu watafurahi."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilishafungua mdomo. Nikamwangalia, dogo mwenyewe hana hata ndevu, programu ile amejifunza mwenyewe, inaonekana kabisa, anataka tu kunionyesha anaweza.

"Usimguse," nikasema. "Mtoe hivyo hivyo. Mama yake anamtaka hivyo."

"Poa," akasema, akabonyeza. Nikasimama pale kwenye mashine ya kusafishia picha, nikisubiri kaka atoke.