Mashine Zote kwa Mguu Mmoja

Jamani, mimi niliyeanza kwa kuuza ndala chini, leo nina maduka matatu mjini Kamembe! Sidanganywi na mtu. Lakini wiki iliyopita, loo! Mguu wa kulia ulikuwa unakufa ganzi, nikaogopa nitapooza. Mke wangu akanipeleka kliniki.

"Papa, unasikia mubaya wapi?" dokta akauliza.

Nikacheka. Sokoni kwetu mnunuzi mwerevu hasemi anachotafuta. "Mashine zako zikuambie! Pima yote!"

"Kipimo kinajibu swali, Papa. Unipatie kwanza swali."

"Ao unaogopa mashine zako?"

Basi wakapima damu, mkojo, moyo, na kupiga picha ya kifua. Nilitembea vyumbani humo kama waziri, nikiwapigia simu majirani wa dukani: "Banapima mwili muzima!" Majibu yakatoka: hakuna ugonjwa. Nikasimama kwa ushindi. "Munaona? Mashine zenu hazijui kitu!"

Mke wangu akachoka. "Dokta, ni mguu. Unakufa ganzi akikaa kwa duka."

Dokta akanizunguka, akachomoa kwenye mfuko wangu wa nyuma, upande wa kulia, fungu la funguo, za maduka, stoo na lori, kubwa kama ngumi.

"Unakaliaga hizi siku yote?"

"Ndiyo! Ni zangu zote!"

Akaniamuru niteremshe suruali. Mke wangu akaangua kicheko mpaka wauguzi wakakimbilia ndani: kwenye tako langu la kulia ulikuwa umechorwa ufunguo wa kufuli, pamoja na meno yake yote.