Rangi Nyekundu Kwenye Bampa

Jumamosi asubuhi nilikuwa Mazimbu, nasubiri gari langu lioshwe. Kando yangu baba mmoja wa makamo alikuwa amelala chali juu ya kipande cha boksi, anashona bampa la gari lake kwa waya. Upande mmoja lilikuwa limening'inia karibu liguse chini. Fundi mmoja alisogea kumsaidia, akafukuzwa kwa mkono.

Mkewe alisimama pembeni, mikono kiunoni. "Baba Zuhura, nyumbani hata msumari hujawahi kupigilia. Leo fundi humtaki?"

"Kazi ndogo hii. Ni shimo tu la njia ya Turiani."

Mama akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo, akakitazama. "Shimo la rangi nyekundu?"

Mikono ya mumewe ikasimama. Waosha magari nao wakafunga maji.

"Niligusana na bajaji," akasema taratibu. "Juzi, kule Kilakala."

"Ukasimama?"

"Nilimwona dereva kwenye kioo, ananyanyuka."

"Nauliza, ukasimama?"

Baba akarudia kusokota waya. Mama akafungua mlango, akaketi mbele, akafunga mkanda. "Twende Kilakala tukamtafute."

"Bampa bado sijamaliza."

"Liburuzike tu."

Wakaondoka, bampa likikwaruza lami mpaka wakakata kona. Tuliobaki, wanaume watu wazima, kila mmoja akaanza kulizunguka gari lake kimyakimya, akikagua. Mimi sijagonga mtu, lakini kwa jinsi alivyouliza yule mama, nami nililizunguka langu.