Mama Ndaga na Betri ya Zahanati

Siku ile ya betri ya zahanati naikumbuka vizuri, mwanangu, kama ya jana. Nilikuwa kijana wa shule ya jioni hapa Tukuyu, mchana nachuma chai, jioni nasomea umeme, na kichwa kilijaa maarifa hadi kofia haikai.

Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Tusekile, mama mwembamba mwenye sauti ndogo. Darasani tulikuwa na mashine ya ajabu, mzigo wa kielektroniki. Ukiifunga kwenye betri inavuta umeme kama friji na taa zingevuta, ukaona betri ina pumzi kiasi gani. Na wala huigusi. Unakaa kwenye kompyuta, unaandika amri fupi, inapita kwenye waya: vuta ampea tano, anza, simama. Mwalimu aliziandika kwa wepesi, ungedhani anasuka mkeka.

Ila kila baada ya amri aliandika swali: unavuta kiasi gani? Kisha anangoja mpaka mashine ijibu. Nyumbani kwetu, mtoto akipeleka kitu kwa mkubwa haondoki kabla hajaambiwa ndaga, yaani asante. Basi tukambatiza Mama Ndaga, tukacheka nusura tupasuke.

Jioni hiyo tulikuwa tunapima betri ya kupelekwa kwenye friji ya chanjo, zahanati ya njia ya Nkunga, huko ukungu unakoshinda kama mwenyeji. Betri ya zamani ilishakufa, chanjo ziko kwenye sanduku la barafu, na barafu inayeyuka. Dereva wa pikapu kasimama mlangoni, kamba mkononi. Mwenzetu Atupele alikuwa ametuma amri ya kuvuta wakati Mwalimu anaongea na dereva, na kwenye kompyuta volti hazishuki kabisa, dalili ya betri yenye nguvu. Tukashangilia. Mimi nikatangaza betri ile ingewasha taa kuanzia Tukuyu mpaka Kyela, na umeme ungebaki.

"Mwalimu, nipakie basi," dereva akatania. "Au unasubiri iseme ndaga?"

"Ndiyo, nasubiri," akasema, akaandika swali lake.

Jibu likaja: sifuri.

Mashine ilikuwa imepata joto, feni imezibwa na vumbi, ikaacha kuvuta yenyewe. Tulikuwa tunaisifia betri iliyopumzika. Tukasafisha feni, Mwalimu akatuma amri upya, akauliza, akajibiwa ampea tano. Volti zikaporomoka kabla hata kikombe cha chai hakijapoa. Betri ilikuwa mgonjwa. Tukaleta nyingine kutoka stoo, nayo ikastahimili kuvutwa mpaka tukachoka sisi.

Dereva akaifunga kwenye pikapu, barafu bado ipo. Kisha akarudi mlangoni, akavua kofia.

"Ndaga, Mwalimu."

Hapo ndipo Mwalimu alipozima kompyuta.

Mwanangu, siku hizi mambo mengi unayaamuru ukiwa mbali, kwa kidole kimoja. Nakuomba usiridhike kwa kuwa umetuma. Uliza, kaa, usikie jibu, hasa kama upande wa pili kuna mtoto anayengoja chanjo, na hata kama wenzako wanakucheka. Mungu akujalie wepesi wa mikono ya yule mama na subira yake, na popote utakapopeleka kazi yako, usikose wa kukuambia ndaga.