Bi Mwanamkuu Aenda Kuulizia Ukunda

Imetangazwa na ofisi inayohusika, kwa wino mweusi na mhuri wa zambarau, kwamba wakaazi wa mji wa Ukunda hawajuani. Tangazo lenyewe lilibandikwa kwa uji wa unga kwenye nguzo za umeme, na kwa wale ambao mbuzi waliwatangulia kulifikia, lilisema hivi: kwa kuwa mji umepokea watu kutoka kila upande wa nchi na nje ya nchi, na kwa kuwa si rahisi tena kusema jirani ni mtoto wa nani, basi kila njia itaweka daftari mahali pa wazi, na kila mkaazi ataandika humo jina lake, atokako na shughuli yake, ili watu wajuane.

Bi Mwanamkuu alilisoma lote, mpaka jina la mpiga chapa. Alikuwa ametoka Shimoni alfajiri na kikapu cha ng'onda, samaki wa kupasuliwa na kukaushwa, na tangazo lile lilimthibitishia jambo aliloliamini siku zote kuhusu Ukunda. Alitikisa kichwa kwa masikitiko na kwa raha kidogo.

Alikuwa mjane wa miaka sitini na minne, mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayekuja kuazima chumvi. Kazi yake ilikuwa kukausha samaki, lakini sifa yake ilikuwa kuulizia. Kwao posa ikija haijibiwi siku hiyo. Wazee husema tutaangalia, na kuangalia kwenyewe hufanywa na mtu mmoja anayetumwa mtaani kwa mposaji bila kujitambulisha, akasikilize: anakaaje na watu, hasira zake zikoje, anaficha nini. Shimoni, kwa miaka thelathini, mtu huyo alikuwa ni yeye. Hakuuliza kamwe habari za mtu moja kwa moja. Muuza samaki hukaribishwa mlango wa jikoni, na jikoni watu husema. Yeye alitazama viatu vya mlangoni, nguo za kambani, na kama paka anamkimbia mwenye nyumba au hamkimbii.

Alikuwa amekosea mara moja tu. Miaka sita nyuma alikwenda Vanga kumuulizia mtu aliyemposa Muhsina, binti wa kaka yake Jaafar. Nyumba kumi na mbili zilimsifu kijana, naye akarudi na habari njema tupu. Muhsina alikaa Vanga miaka miwili, akarudi kwao na mkono uliofungwa bendeji. Ndipo ilipojulikana kwamba zile nyumba kumi na mbili zote zilikuwa za shangazi na wajomba wa bwana harusi.

Sasa Muhsina alikuwa amepata posa ya pili. Kijana alikuwa Swabir, fundi wa friji, aliyekuja Shimoni kutengeneza mtambo wa barafu wa wavuvi. Mtambo wenyewe ulipona siku moja, ila yeye aliendelea kuja kuukagua kila wiki kwa muda wa miezi mitano. Muhsina alikuwa amekwisha sema anamtaka. Lakini hata mara ya kwanza alisema hivyo hivyo.

"Safari hii," Jaafar alimwambia dada yake, "usiniletee sifa. Niletee kitu."

Njia aliyokaa Swabir ilikuwa nyuma ya uwanja wa ndege, mahali ambapo ndege ndogo za watalii hushuka chini kiasi cha kuhesabika madirisha. Kila moja ilipopita, kivuli chake kilitambaa juu ya mabati, juu ya nguo za kambani, juu ya kuku, na njia nzima ikanyamaza. Kilipoondoka, kila mtu akaendelea kutoka pale pale alipoachia neno. Bi Mwanamkuu aliona hivyo mara ya kwanza akadhani ni ibada.

Mwanzo wa njia palikuwa na duka la Dahir, Msomali wa Garissa. Juu ya meza palikuwa na daftari kubwa jipya na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Bi Mwanamkuu alikuwa mtu wa adabu, na amezuru wagonjwa wengi hospitalini Msambweni. Tangazo lilikuwa limemtoka akilini, na daftari la wageni alilijua akiliona.

"Assalaamu alaykum. Niandike hapa, mwanangu?"

Dahir alitazama daftari, akamtazama yeye. Lilikuwa limekaa hapo wiki tatu na hakuna aliyeligusa.

"Waalaykumu salaam. Andika, mama. Tafadhali."

Akaandika kwa mwandiko wa chuo cha Kurani, herufi zimesimama wima: Mwanamkuu, Shimoni, samaki. Dahir alimkaribisha chai yenye maziwa ya ngamia, na alipotoka pale alikuwa ameshajua kwamba chumba cha Swabir ni cha nne mkono wa kushoto, mlango wa bluu.

Mlangoni palikuwa na ndara za kiume, zimepangwa. Palikuwa na mche wa mlimau ndani ya ndoo. Na palikuwa na baiskeli. Ilikuwa baiskeli ya kike, ya kijani, yenye kikapu cha ufito mbele, na juu ya kiti chake kumetandikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono.

Bi Mwanamkuu alisimama mbele ya baiskeli ile muda wa kupita ndege mbili. Mwanamume asiye na mke hafumiwi kitambaa cha kiti na mtu yeyote.

Basi akaanza kazi, jiko baada ya jiko. Mama Kasyoka, Mkamba wa Makueni anayeshona sare za hoteli, aliinua ng'onda mmoja kwa vidole viwili. "Susu, bibi yangu, hii samaki ilikufa lini? Imekauka kama soli!" Kisha, kwa kuwa alimwonea huruma mwenye samaki, akampa bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Hatua tano mbele, Mama Furaha wa Bukavu alikuwa akimsuka mteja. "Karibu mama, ikala hapa, minakuletea mayi," alisema, na maji yale yalikuja na sahani ya sombe, kisamvu cha kwao. Fundi Mmakonde, seremala aliyezaliwa Kinondo, mjukuu wa mtu aliyekuja kukata mkonge, alimpa mhogo wa kuchoma na kigoda cha kukalia, kisha akakichukua kigoda kwa sababu mteja aliyekiagiza amefika.

Kila mahali aliuliza kama jirani wa mlango wa bluu angependa samaki. Kila mahali alijibiwa kwamba Swabir ni kijana mwema sana. Maneno yalikuwa yale yale, kwa lafudhi nne. Moyo wake ulianza kuingia baridi, kwa maana hivyo ndivyo ilivyokuwa Vanga.

Jua likawa la utosi. Mtu akila Garissa, Makueni, Bukavu na Umakonde kabla ya adhuhuri, miguu humwambia basi. Alifika kwenye baraza la Twaiba, Mdigo wa Mwabungo, mama mnene mwenye chumba kilichopakana na cha Swabir. Twaiba aliitikia shikamoo aliyopewa kwa makosa, kwani walilingana umri, akamtandikia mkeka bila kuuliza kitu. Bi Mwanamkuu alijinyoosha kidogo tu.

Usingizi ulikuja kama maji yajaavyo. Mashine ya kushonea ya Mama Kasyoka ikawa injini ya boti, ikimchukua mahali fulani bila kumtikisa. Njia ilijaa maji ya kijani, na watu wakawa wanapita juu yake kwa miguu, wakisalimiana kwa lugha ambazo alizielewa zote, na mbele yao ikaja baiskeli peke yake, bila mtu, ikipiga kengele. Kivuli cha ndege kikampita usoni, baridi kama shuka. Halafu akasikia sauti, na zilikuwa karibu.

"Huyu si muuza samaki," ilisema sauti ya Dahir. "Tangu asubuhi hajauza hata mmoja na wala hajakasirika."

"Ameandika wapi kwa hiyo daftari?" aliuliza Mama Kasyoka.

"Shimoni."

"Shimoni! Si ndiko Swabir anaposa?"

"Ni mwulizaji," alisema Twaiba. "Nilimjua tangu alipoanza kutazama ndara."

"Hata kwetu hutumwa," alisema Mama Kasyoka. "Yangu alikuja akijifanya anatafuta ng'ombe imepotea. Na nilikuwa nakaa Nairobi, ghorofa ya tatu."

Wakacheka kwa kuziba midomo. Kisha Mama Furaha akauliza, taratibu, "Sasa tutamwambia ya Verena?"

Ndege ikapita. Bi Mwanamkuu alilala kimya kabisa, macho yamefungwa, akingoja iondoke.

"Tukimwambia," alisema Twaiba, "atasikia kwamba kijana aliwahi kuoa mzungu. Mzungu wa miaka sitini. Hapo masikio yataziba, hayo mengine hatayasikia."

"Nilimusuka nywele mpaka siku ya mwisho," alisema Mama Furaha. "Miezi kumi na minne hakuweza kuinuka. Swabir alikuwa anamushika kichwa ili mimi nisuke."

"Jeneza nilitengeneza mimi," alisema fundi. "Nilimpima mwenyewe. Hakuwa amekonda." Akafikiri. "Wagonjwa wa namna ile hukonda."

"Na kwaya yetu ndiyo iliimba kaburini," alisema Mama Kasyoka. "Watu wa huko nje walidhani amerithi jumba. Alirithi baiskeli."

 Kisha Dahir, kwa sauti ya mtu anayefunga kikao, akasema, "Basi hatusemi. Kijana mwema, basi."

Bi Mwanamkuu alipoamua kuamka alikuta amefunikwa kanga, na watu watano wameketi kumzunguka wakitazama pande nyingine. Aliketi, akajitanda vizuri, akashukuru kwa mkeka. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini, akauliza swali la moja kwa moja.

"Hii baiskeli ya nani?"

"Ya kanisa," alisema Mama Kasyoka.

"Ya dada yake," alisema Dahir.

"Imeletwa kutengenezwa," alisema fundi.

Yalisemwa kwa pamoja, na kila mmoja akawatazama wenzake kwa dharau.

"Jamani," alisema Bi Mwanamkuu, "nilikuwa macho."

Mama Kasyoka alijifunika uso kwa sare aliyokuwa akishona. Fundi alichukua mhogo wake akaondoka hatua tatu, akarudi. Twaiba peke yake hakubabaika. Alikuwa akimenya vitunguu na aliendelea kumenya.

"Basi umeyasikia, mwenzangu. Ungetusaidia kutupigia kikohozi."

"Mnamficha. Kwani ni ndugu yenu?"

"Ndugu wa wapi? Mama yake wa Gazi, baba yake simjui. Kuna mtu hapa ana ndugu?"

 Bi Mwanamkuu alizitazama nyuso zile moja moja, akatafuta shangazi na mjomba wa Vanga, asiwaone. Alikuwa amebakiwa na swali moja, na ndilo lililomleta.

"Mwenzangu, ukuta wako na wake ni mmoja."

"Ni mmoja. Wa tofali nyembamba, mwenye nyumba alibana."

"Mgonjwa huchosha. Miezi kumi na minne mtu huchoka, na mtu akichoka hupayuka. Ulisikia nini?"

Twaiba aliweka kisu chini. Alifikiri kwa haki, kama mtu aliyeapishwa.

"Nilimsikia akiimba," alisema. "Yule mama alikuwa halali mpaka aimbiwe. Nyimbo za Kizungu, za kwao, alimfundisha." Akapumua. "Mwenzangu, anaimba vibaya. Nilitia pamba masikioni."

"Ukali?"

"Vibaya tu."

Ndege ikapita, na kivuli chake kikafagia baraza, kikapu, baiskeli. Bi Mwanamkuu aligundua kwamba na yeye amenyamaza na kuinua uso, kama mwenyeji. Kilipoondoka aliwagawia ng'onda wote, Mama Kasyoka akapewa wawili ili ajifunze. Njiani kurudi alisinzia tena, na mara mbili alijikuta akitabasamu kwa kitu ambacho hakukikumbuka.

Shimoni alimweleza Jaafar kila kitu, hakupunguza: mzungu, kitanda, jeneza, kwaya. Jaafar alishika ndevu zake kwenye neno mzungu na hakuziachia.

"Dada, na hii ndiyo habari uliyoniletea?"

"Uliniambia nikuletee kitu. Vanga nilikuletea sifa."

"Watu watasema."

"Watasema. Na mimi nilitumwa kusikiliza ukuta. Ukuta umesema anaimba vibaya."

Muhsina alikuwa jikoni akikuna nazi kwa mbuzi. Mbuzi ikasimama. "Kuhusu Bi Verena, Swabir aliniambia wiki ya kwanza," alisema kutoka humo ndani. "Na kuimba nimemsikia."

"Na hukutuambia?" Jaafar aling'aka.

"Nilikuwa nangoja shangazi akaulizie. Nilitaka kujua kama aliyoniambia ndiyo majirani wanayoyajua."

Jaafar aliziachia ndevu, akauliza wajumbe wa posa waje saa ngapi.

Ndoa ilifungwa baada ya mwezi mmoja. Muhsina alipohamia mlango wa bluu alikuta mche wa mlimau umepandwa ardhini, na Mama Kasyoka amemshonea dera la kipimo chake sawasawa, ingawa hawakuwahi kuonana. Baiskeli huenda nayo sokoni. Kitambaa cha kiti hakikutolewa.

Ofisi inayohusika imeongeza muda wa kujiandikisha mara mbili, kwa kuwa wakaazi bado hawajuani. Daftari la njia ile lingali juu ya meza ya Dahir, na kalamu yake kwenye uzi. Lina jina moja, la mtu wa Shimoni.