Tua Mzigo, Mwanyumba

Mke wangu Mwanaidi alishikwa na uvimbe wa tumbo mwaka ule tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, Kwedizinga. Daktari akasema mrudisheni nyumbani, dawa ya kuponya hakuna tena. Tukaenda kukaa kwa dada yake, Zuena, bondeni Korogwe. Jirani yake, mama Bernadina, aliwahi kuwa mwuguzi kwenye shamba la mkonge, alijua kuchoma sindano. Kwa kazi yake hakututoza kitu. Dawa ya maumivu ndiyo ilinunuliwa, nami sikuwa na kitu.

Masika ile mvua ilikata barabara ya Lutindi, milimani Usambara. Kasmiri, mwenye duka kule juu, akatafuta watu wa kumpandishia chumvi kwa kichwa na kumshushia iriki. Nikaenda kujiandikisha.

"Wewe?" Mwanaidi akacheka, mkono tumboni. "Wewe unayeogopa kupanda darini?"

"Nitapanda."

"Magoti hayo yatakuaibisha kwa Wasambaa."

Nikapanda. Sisi wa Handeni tumezoea nchi tambarare. Njia ile ilikuwa ya mguu mmoja, kushoto udongo, kulia hewa tupu. Ukungu ukishuka sikuona hata vidole vyangu. Lakini sikuogopa kuanguka kama nilivyoogopa habari za kutoka bondeni. Kwetu maiti hailazwi. Mwanaidi akifa asubuhi, alasiri keshazikwa, nami nitakuta udongo mbichi. Kila aliyetoka bondeni nilimtazama uso kwanza, ndipo nikaitikia salamu.

"Mzigua, mbona unatetemeka?" Kasmiri akanitania. "Simba wenu wamekufuata mpaka huku?"

"Baridi."

Akanipa chai, akanitwika gunia la iriki.

Nikiwa nashuka, kwenye kona, nikamwona Isihaka, mume wa Zuena, mwanyumba wangu. Anapanda mikono mitupu, anahema.

"Tua mzigo, mwanyumba."

Kwetu mtu hapewi msiba akiwa na mzigo kichwani. Huambiwa atue kwanza, ndipo asikie.

Nikalishika gunia kwa mikono miwili.

"Situi."

"Tua, nakwambia."

"Situi, Isihaka. Nipishe."

Nikampita upande wa hewa, mguu mmoja nusura uende. Niliona nisipotua, bado hajafa. Akanifuata akiita. Nikaongeza mwendo, mawe yakiporomoka, ukungu umefunga mbele. Sikujua nakanyaga wapi.

Akanidaka shati.

"Mtu mzima una wazimu? Mkeo kanituma nikupokee! Anasema magoti yako mabovu, utamwaga iriki ya watu!"

"Yu hai?"

"Yu hai, anatukana."

Nikakaa kwenye matope, gunia bado kichwani. Isihaka akalitazama gunia, akanitazama mimi, ndipo akaelewa alichosema.

"Nisamehe, mwanyumba," akasema taratibu. Akalipokea mwenyewe.

Nilipanda tena mara nne. Woga ni ule ule, haukupungua hata siku moja. Dawa ikapatikana.

Mwanaidi alikufa Ijumaa, kabla ya adhuhuri. Hakulia kwa maumivu. Hakuna aliyeniambia nitue. Kichwani sikuwa na kitu, na kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu.

Nimezeeka sasa. Mtu akitaka kunipokea mzigo, namwambia aje kimya, ashike tu.